Alhamisi Nyuma ya Duka la Muhidini

Ushirombo, Jumapili, 2 Novemba 1980

Daftari hili ni la binti yangu Salvina. Nusu ya mbele ni imla zake za darasa la tano, zimejaa vema nyekundu za mwalimu. Nusu ya nyuma ni tupu. Aliliacha rafuni siku mama yake, Apolonia, alipomchukua yeye na mdogo wake Donatus akaenda nao kwao Didia. Leo ni wiki ya tatu. Nyumba imekuwa na mwangwi kama banda la shule wakati wa likizo.

Mimi ni Thobias, seremala. Niliwahi kutengeneza madawati na milango ya watu wengi hapa. Mwaka jana mwanzoni, mgambo tulipoitwa vitani, nilikwenda. Nilirudi mzima, viungo vyote vipo. Watu walinipigia vigelegele. Tangu hapo nakunywa gongo.

Sijui kwa nini naandika. Labda kwa kuwa hakuna wa kumwambia.

Jumatano, 5 Novemba

Muhidini, fundi cherehani mwenye duka karibu na soko, aliniita nikamtengenezee meza yake iliyolegea mguu. Ilikuwa saa nne asubuhi na nilikuwa sijapata kitu kinywani. Msumari wa kwanza nilipiga kidole. Wa pili ukapinda. Mikono ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa.

Muhidini aliacha kushona. Akachutama, akaushika ule mguu wa meza kwa mikono miwili, akasema, "Piga taratibu. Nimeushika."

Nilimaliza. Aliponisindikiza mlangoni akasema, "Kesho Alhamisi. Saa kumi alasiri tunakaa watu watatu kule stoo nyuma. Njoo uwe wa nne."

"Kuna nini?"

"Chai. Na wala haina sukari, usije ukajidanganya."

Alhamisi, 6 Novemba

Sikwenda. Nilikunywa.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua ya kwanza. Watu wote wako mashambani. Nilikunywa.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda. Nilipita mbele ya duka mara mbili kama mtu anayetafuta anuani, mara ya tatu nikaingia.

Stoo ya Muhidini ina madumu mawili ya kukalia, benchi moja na magunia ya vitambaa chakavu. Siku hizi vitambaa vipya havipatikani, kazi yake kubwa ni kutia viraka. Nilimkuta na watu wawili. Mmoja ni Mwasiti, mwanamke mnene anayekaanga mihogo stendi, tunamjua wote. Sikujua kama aliwahi kunywa. Mwingine ni Ansgar, kijana wa miaka kama thelathini anayeishi na mama yake upande wa misheni. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule vilima vya Geita. Haongei sana.

Muhidini alinieleza utaratibu. Ni mfupi. Kila mtu anasema habari zake mwenyewe, si za jirani. Hakuna kumshauri mtu. Hakuna kumjibu. Mtu akimaliza anasema "nimemaliza", na wengine wanasema "tumesikia". Kinachosemwa stoo kinabaki stoo.

"Sasa msaada uko wapi?" nikauliza.

Mwasiti akacheka. "Hata mimi niliuliza hivyo hivyo. Mwaka mmoja na miezi saba sasa sijagusa pombe, na jibu bado silijui."

Muhidini alianza. Alikuwa mtu wa reli, Tabora, na pombe ndiyo iliyomtoa kazini. Alilazwa hospitali kitanda jirani na mlevi mwenzake. Siku wanazoongea, kiu inapungua. Siku wanazonyamaza, inazidi. Yule mwenzake alifariki. Muhidini alipotoka akaona atafute wengine wa kuongea nao, maana peke yake hawezi.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Naitwa Thobias. Nimemaliza."

"Tumesikia," wakasema.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikunywa, lakini kidogo. Najidanganya. Si kidogo.

Alhamisi, 20 Novemba

Mwasiti aliongea leo. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua. Saa ile mtoto anakata roho, yeye alikuwa kilabuni anacheza ngoma. Jirani alimfuata, akamjibu, "Nakuja, namalizia hii." Alisema maneno hayo kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama unataka pilipili. Kisha akasema amemaliza.

Mimi mwanamke huyu nimenunua mihogo yake miaka minne. Nilikuwa namwona ni mtu wa makelele tu.

Jumatano, 3 Desemba

Siku ya sita bila gongo. Jasho, tumbo, ndoto. Mwasiti alinitumia uji wa mtama, na karatasi ndogo aliyoandikiwa na mtu: *Kunywa huu, si ule.*

Alhamisi, 11 Desemba

Ansgar alisema leo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuja. Walikuwa wanachimba duara, yaani shimo lao, yeye na kaka yake. Mvua kama hii. Kaka alikuwa chini, yeye juu anavuta kamba. Kifusi kiliporomoka. Kamba ilibaki mkononi mwake, na kwa muda iliendelea kuvutwa kutoka chini. Halafu ikaacha.

"Naambiwa ningeruka ningekufa na mimi," alisema. "Hilo najua. Nimemaliza."

Tulisema tumesikia. Mvua ilipiga bati hadi hatukusikiana tena, tukakaa tu. Hakuna aliyeondoka.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi imeangukia Alhamisi. Baada ya misa nilijua nyumba zote zitakuwa na pombe, na sikuwa na pa kwenda. Muhidini alikuwa amefungua stoo tangu saa tano asubuhi.

"Sikukuu ni yenu," alisema, "lakini ugonjwa ni wetu sote."

Mwasiti alipika wali na kuku. Mama yake Ansgar naye alikuja, Bibi Epifania, mfupi, mgongo umepinda hata anatazama watu kwa chini kama anayechungulia uvunguni. Nilimwamkia shikamoo. Alinishika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akakagua kiganja.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mwanangu anasema una mikono mizuri ukiwa macho."

Tulicheka sana. Sikumbuki mara ya mwisho niliyocheka nikiwa nina akili zangu.

Jumapili, 4 Januari 1981

Siku thelathini na nane. Nimetengeneza stuli nne. Hazichezi.

Jumanne, 13 Januari

Mvua haikati. Pamba za watu zinaota vizuri, palizi imewashinda. Bibi Epifania alinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nitafune nikishikwa na kiu. Nikamwambia "wabeja", yaani asante. Akasema Kisukuma changu kinanuka ugeni lakini atakipokea.

Alhamisi, 22 Januari

Nilisema kidogo kuhusu vita leo. Nilisema kwamba sikupigana, kwamba nilikuwa kambini ng'ambo ya Mto Kagera nikifanya useremala. Nikasema nimemaliza. Muhidini alinitazama kama anayejua nguo bado ina mshono ndani, lakini utaratibu ni utaratibu.

Jumatatu, 9 Februari

Bibi Epifania amefariki alfajiri. Kifua. Aliugua siku tatu tu.

Ansgar alikuja mwenyewe hapa kwangu saa mbili, amelowa, macho makavu. Akasema, "Kaka Thobias, mama alikupenda. Jeneza mtengenezee wewe."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Naandika sasa mchana, mbao ziko mbele yangu. Kipimo ameniletea kwa kamba. Futi nne na nusu.

Jumatano, 11 Februari

Niandike yote, nisijifiche.

Jumatatu ile nilikata mbao za pembeni. Nilikata za kifuniko. Nilipozipanga chini ili nipigilie, nikaona ufupi wa lile jeneza. Nyundo ilikuwa mkononi. Nilisikia harufu ya dizeli ya malori, hapa hapa Ushirombo, kwenye karakana yangu ambako hakuna lori. Niliiweka nyundo chini taratibu, kama kitu kinacholala. Nikatoka. Miguu yangu ilijua njia hadi kwa yule mwanamke wa gongo nyuma ya stendi.

Siku sabini na tatu, nilizimaliza mchana mmoja.

Mazishi yalikuwa jana. Sikuwepo. Wakati wanazika nilikuwa nimelala kwenye pumba za mbao, mvua inanipiga mguu mmoja kupitia mlangoni. Nilipoamka, mbao hazikuwepo. Mtu alikuwa amekuja kuzichukua, akanipita pale pale chini. Na nyundo yangu pia haikuwepo.

Nimeharibu. Watoto wa watu wana mama mmoja tu wa kuzika.

Alhamisi, 12 Februari

Sikutaka kwenda. Nilikuwa nimeamua kwamba leo nitafunga virago, niende popote, hata kule machimboni ambako hakuna anayekuuliza jina.

Saa tisa na nusu mlango ukagongwa. Ansgar. Ameshika nyundo yangu.

Nilianza kusema, "Ndugu yangu, mimi..."

"Nyamaza kwanza," akasema. "Jeneza tulipigilia wenyewe, mimi na Muhidini. Upande mmoja ulipinda. Mwasiti alishikilia kifuniko. Padre aliona. Mama amelala kwenye sanduku lililopinda kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Sikuja kukusamehe. Huko sijafika bado."

"Ndiyo."

"Nimekuja kwa kuwa leo ni Alhamisi. Vaa viatu."

Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma, kwenye matope. Watu walituangalia. Kule stoo, dumu langu lilikuwa pale pale lilipokuwa siku zote. Mwasiti alinimiminia chai. Muhidini akanitazama, akasema, "Nani anaanza?"

Nikasema, "Nimekunywa. Nimemaliza."

"Tumesikia," wakasema. Ansgar naye alisema. Nilimsikia yeye kuliko wengine.

Jumapili, 15 Februari

Siku tatu. Kutapika kumeisha. Sikwenda misa, niliona haya. Ansgar alipita, hakuingia, alipiga hodi tu akasikia nimeitikia, akaenda zake.

Jumanne, 17 Februari

Amepita tena. Vivyo hivyo.

Alhamisi, 19 Februari

Leo nimesema. Nitaandika kama nilivyosema, ili nisije nikajidanganya kesho kwamba nilisema kwa ufasaha. Nilisema vibaya, kwa kurudiarudia.

Kule kambini, kwanza nilitengeneza vitanda na meza. Halafu wakaja wakaniambia, fundi, masanduku. Mbao zilikuwa zinaletwa kwa lori, na lori lile lile ndilo lililokuwa linaleta marehemu. Nilizoea. Ukweli ni kwamba mtu anazoea. Nilikuwa nakata yote kwa futi sita bila kuuliza, napigilia, naandika jina kwa rangi.

Kulikuwa na rafiki yangu, Mihayo. Tulitoka wote nyumba kumi moja, tulifundishwa mgambo pamoja, alikuwa ananiazima viatu. Siku moja asubuhi askari akaja na karatasi ya jina. Nikasoma. Nikachukua mbao za futi sita. Akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema, "Fundi, ya huyu futi tatu inatosha."

Nilizikata. Nilizikata sawasawa, hazikupinda hata kidogo. Niliandika jina lake kwa herufi nzuri. Hiyo ndiyo inayonila, kwamba ilikuwa kazi nzuri. Niliporudi, baba yake Mihayo akaja akaniuliza kama nilimwona mwanawe. Nikamwambia nilimwona, alikuwa kama amelala.

Nikasema nimemaliza. Mwasiti alikuwa anafuta uso kwa khanga. Kisha wakasema, mmoja mmoja, si kwa pamoja kama kawaida. Tumesikia. Tumesikia.

Ansgar alikuwa wa mwisho. Alisema, "Tumesikia," halafu akavunja utaratibu. Akasema, "Ningejua, ningekata mimi zile mbao."

Muhidini akamkemea, "Hakuna kujibu."

"Basi nimemaliza," Ansgar akasema.

Ijumaa, 20 Februari

Nililala mpaka jua likachomoza. Sikuota.

Jumatano, 4 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimekwenda misa. Siku ya ishirini. Ansgar alikaa benchi moja na mimi.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemwandikia Apolonia. Mara tatu nilichana. Ya nne niliandika tu yaliyopo: kwamba nakaa na watu hawa, kwamba niliacha, nikaanguka mwezi wa pili, nikaanza tena. Sikumwomba arudi. Nilimwambia nini kilitokea kule na kwa nini sikumwambia. Barua imeondoka na basi la Kahama, itapanda lingine la Shinyanga.

Alhamisi, 12 Machi

Mtu mpya amekuja, mwalimu. Alisema jina lake akasema amemaliza. Nilimmiminia chai mimi.

Jumatatu, 16 Machi

Jana nilikwenda kwa baba yake Mihayo. Nilikuwa nimepanga kumwambia kweli yote. Mzee alinikaribisha kigoda, tukakaa. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Thobias, ulinidanganya, nilijua siku ile ile. Mtu aliyelala haletwi nyumbani kwenye sanduku fupi lile. Mimi nilikuwa mmoja wa waliolibeba."

Nikatazama miguu ya kigoda.

"Nilitaka kujua kitu kingine," akasema. "Nani aliandika jina lake?"

"Mimi, baba."

Alitikisa kichwa muda mrefu. "Liliandikwa vizuri. Nilisema, huyu aliyeandika hivi alimjua mwanangu."

Mkewe alituletea maziwa ya mgando. Nilikunywa mpaka chini.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua ndogo. Hakuna barua.

Alhamisi, 2 Aprili

Hakuna barua. Nilisema stoo kwamba hasira zinanipanda. Ansgar alisema siku yake ya jana ilikuwa mbaya, alikaa kaburini kwa mama na chupa mfukoni, hakuifungua, hakuitupa pia. Aliitoa akaiweka katikati yetu. Muhidini akaichukua akaenda kuimwaga chooni. Tulimsikia anaimwaga.

Jumatatu, 13 Aprili

Barua. Mistari miwili. *Nitakuja wiki ya Pasaka na Donatus. Nitafikia kwa shangazi, si kwako.*

Jumanne, 21 Aprili

Wamefika jana. Nilikwenda kwa shangazi yake kuwasalimu. Apolonia amekonda, amesuka nywele kwa namna nisiyoijua. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia karani wa ofisi. Donatus amefikisha miaka mitano. Alisimama nyuma ya mama yake, akaitazama nyundo iliyoning'inia kiunoni mwangu, akasema, "Shikamoo, fundi."

Nikajibu marahaba.

Apolonia akasema, "Hao watu wako wanakaa lini?"

"Alhamisi."

"Mke wa mtu anaruhusiwa?"

Nilisema nitauliza. Muhidini amesema mtu yeyote aliyeumizwa na pombe ana dumu lake pale, hata kama hakuinywa yeye.

Alhamisi, 23 Aprili

Amekuja. Alivaa khanga yake ya misa. Alikaa karibu na Mwasiti, Donatus akalala kwenye gunia la vitambaa. Muhidini alimweleza utaratibu, kisha akanigeukia. "Na wewe Thobias unaujua. Hakuna kujibu."

Nikaitikia. Sikujua ninaitikia nini.

Apolonia aliongea kwa sauti ya chini, akitazama kikombe.

"Mimi ni Apolonia, mke wa huyu. Aliporudi vitani nilimchinjia jogoo. Wiki ya pili nikaanza kumwogopa. Hakunipiga. Watu wananiuliza kama alinipiga, nasema hapana, wananiambia basi una bahati. Alikuwa anakaa anatazama ukuta, ukimwita anashtuka, anakutazama kama hakujui. Nikaanza kuwalaza watoto jikoni. Wateja walipokuja kudai milango yao, nilimtuma Salvina akawaambie baba ana malaria. Kila mara malaria. Siku moja mwalimu wake akamwuliza kwa nini hakufanya kazi ya nyumbani. Akamwambia mwalimu, bila kupepesa, baba yangu amekufa vitani."

Hapo alikunywa funda moja la chai. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ansgar, aliyekuwa amekaa kando yangu, aliniwekea mkono gotini, mzito. Nikafunga mdomo.

"Niliitwa shuleni kupewa pole," Apolonia akaendelea. "Nikazipokea. Sikusema ni uongo, hata Salvina alipomwambia Donatus hivyo hivyo. Nilirudi nyumbani nikafunga mizigo. Sikuondoka kwa ajili ya gongo. Niliondoka kwa kuwa mwanangu alikuwa ameshakuzika, na mimi nilikuwa nimeshapokea rambirambi." Akavuta pumzi. "Barua yako niliisoma mara nyingi. Ningependa kama ungeniambia wakati ule. Nimemaliza."

Nilikuwa na maneno mia. Kwamba samahani, kwamba sikujua, kwamba Salvina... Yote yalikuwa ya kujitetea. Kama ningeruhusiwa ningeyasema yote, na yeye angelazimika kuyasikiliza, na yake yangezama chini ya yangu kama siku zote. Sasa ndiyo naona kwa nini Muhidini hataki tujibizane.

"Tumesikia," wenzangu walisema.

Nikasema peke yangu, baada yao. "Nimesikia, Mama Salvina."

Aliinua uso akanitazama. Nadhani ni mara ya kwanza tangu vita.

Jumamosi, 25 Aprili

Wameondoka na basi la asubuhi. Mvua imeisha, barabara imeanza kukauka, tukasimama stendi juani kama watu wasio na haraka. Mwasiti aliwafungia mihogo ya njiani, akakataa kusikia habari ya malipo.

Apolonia alisema, "Pamba yetu itakuwa tayari mwezi wa sita. Watu wa kuchuma ni wachache."

"Baba yako anajua unaniita?"

"Baba amekataa. Shamba ni la mama, na mama amesema uje. Utalala kwa kaka yangu." Akaufunga vizuri mfuko wa mihogo. "Salvina simwambii. Akikuona, amekuona. Atasema anachotaka kusema, na wewe utafanya kama juzi."

"Nitasikiliza."

"Mpaka amalize."

"Mpaka amalize."

Donatus alikuwa ameshapanda, amekaa dirishani. Basi lilipounguruma akatoa kichwa nje.

"Fundi! Mama anasema wewe ni baba yangu."

Watu wote wa stendi wakageuka.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Alifikiri jambo hilo mpaka basi likaanza kutembea, kisha akapunga mkono.